Mzee wa karakana aliyeandikwa mkulima

Tabora inaijua tumbaku kuliko inavyoijua asbesto, yale madini ya nyuzinyuzi yaliyotumika kuzuia joto na kuezekea, na uchunguzi wa saratani ya mapafu huanza kupotea njia kuanzia hapo. Mzee akifika hospitali na kikohozi kisichokoma, picha ya kifua ikaonesha kivuli kisichoeleweka, ataulizwa kama anavuta sigara. Akikubali, sababu imepatikana. Akikataa, kuna kifua kikuu cha kushukiwa. Kikikosekana hicho, kuna moshi wa kuni, kuna miaka aliyokesha kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, kuna uzee wenyewe. Mwaka 1972 alikuwa kazini wapi? Hilo ni nadra kuulizwa, na likiulizwa ni nadra zaidi kuandikwa.

Mji huu umelelewa na reli. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1912, ikaligusa ziwa pale Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Tabora ikawa njia panda yenye karakana, stoo, chuo cha reli na kota zilizojaa mafundi na familia zao. Kwa sehemu kubwa ya historia hiyo treni zilivutwa kwa mvuke. Vichwa vingi vya enzi ya Mwingereza vilitoka viwandani Uingereza wakati ambapo asbesto ndiyo iliyotumika kawaida kuzuia joto la boila na mabomba ya mvuke. Ilikuwa rahisi kwa bei, haiungui, na mafundi waliipenda kwa sababu inakubali kufuata umbo lolote. Boila ikifunguliwa kwa matengenezo, gamba la nje hubanduliwa kwa nyundo na tindo. Likirudishwa, unga hukorogwa na maji kwenye ndoo na kupakwa kwa mikono, kama mtu anayekandika nyumba. Aliyefagia sakafu jioni alivuta vumbi lilelile la fundi, pengine zaidi, na yeye hata kwenye orodha ya mafundi hayumo.

Mvuke uliondoka, asbesto ikabaki. Ilibaki kwenye vitambaa vya breki na klachi, kwenye gasketi, na juu ya vichwa vya watu: mapaa ya saruji ya asbesto ya shule, zahanati na nyumba za watumishi zilizojengwa miaka ya 1960 hadi 1980. Karatasi la paa likiwa zima juu ya kenchi halina vurugu kubwa. Hatari huja linapokatwa kwa msumeno, linapotobolewa, linapovunjwa wakati wa ukarabati, na vipande vyake kuokotwa na jirani akaezekee banda la kuku.

Kuhusu madhara yenyewe hakuna mjadala uliobaki. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeziweka aina zote za asbesto, pamoja na ile nyeupe iliyokuwa ikitetewa sana, katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu: mapafu, koo la sauti, ovari, na mesotelioma, yaani saratani ya utando unaozunguka mapafu au tumbo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asbesto ya kazini huua zaidi ya watu 200,000 kila mwaka duniani. Nyuzi zake ni nyembamba mno hata hazionekani kwa macho, na zikishazama ndani ya pafu mwili hauna namna ya kuziyeyusha. Kisha zinasubiri. Saratani ya mapafu huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 40 tangu mtu alipoanza kuvuta vumbi. Mesotelioma huweza kufika miaka 50.

Urefu huo wa muda ndio unaonifanya niamini kuwa kazi ya kuufuatilia ugonjwa huu ni ya hospitali. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inadai wafanyakazi wapimwe afya, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, ina wakaguzi wa kulisimamia hilo. Ni sheria nzuri. Lakini upimaji wa kazini unamfuata mtu mpaka getini, basi. Fundi aliyeanza karakana akiwa na miaka 22 atakuwa mzima kabisa siku anapopimwa mara ya mwisho; ugonjwa utamfuata shambani Uyui au Kasulu, akiwa na miaka 68, wakati mwajiri amebadilika jina mara mbili na daktari wa kiwanda alishafariki. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kukusanya michango Julai 2015. Aliyestaafu mwaka 1995 hakuchangiwa hata shilingi. Mahali pekee ambapo yeye na serikali watakutana tena ni dirisha la kadi hospitalini.

Na pale dirishani anaandikwa mkulima. Hajadanganya. Kila mstaafu wa mikoa yetu hulima. Tuchukue mfano wa mazungumzo ambayo kila mganga wa Tabora ameshayafanya kwa namna moja au nyingine:

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Unafanya kazi gani?”

“Nalima. Nina mahindi kidogo na karanga.”

Kalamu inaandika, foleni inasogea. Sasa tuongeze maswali mengine:

“Na kabla ya kulima, mzee?”

“Kabla ya hapo nilikuwa reli.”

“Reli idara gani?”

“Karakana. Tulikuwa tunafunga boila, mimi na wenzangu watano. Wameshatangulia wote.”

“Waliugua nini?”

“Kifua.”

Majibu hayo yamechukua dakika moja, na yamebeba habari ambayo mashine ya CT scan haiwezi kuitoa. Watu sita, idara moja, ugonjwa wa sehemu moja ya mwili. Mtaalamu wa magonjwa akipata jambo kama hilo haendi nyumbani kulala. Anaanza kutafuta majina. Kwetu linaishia hewani. Tanzia za wale watano zilisomwa kwa maneno tuliyoyazoea, “baada ya kuugua kwa muda mrefu,” wakazikwa kabla ya jua kuzama, na hakuna aliyewahi kuwaweka kwenye mstari mmoja.

Anayedhani haya ni mambo ya nchi tajiri asome habari za Kimberley, Afrika Kusini, katika miaka ya 1950. Daktari C. A. Sleggs alikuwa akitibu wagonjwa wa kifua kikuu. Akaona jambo la ajabu kwenye wodi yake: wagonjwa waliotoka upande mmoja wa nchi walipona kwa dawa za TB, lakini wengi waliotoka upande wa magharibi, wenye maji kwenye mapafu na utando ulionenepa, dawa hazikuwagusa. Huko magharibi ndiko ilikokuwa migodi ya asbesto ya buluu. Alishirikiana na mtaalamu wa patholojia, yaani uchunguzi wa ugonjwa kwenye nyama za mwili, J. C. Wagner na daktari wa upasuaji Paul Marchand, na mwaka 1960 wakachapisha taarifa ya wagonjwa 33 wa mesotelioma. Baadhi yao hawakuwahi kuajiriwa mgodini. Waliishi tu jirani na migodi wakiwa watoto. Taarifa hiyo ndiyo iliyoufumbua macho ulimwengu juu ya mesotelioma na asbesto, na chanzo chake ni daktari wa TB mkoani aliyejiuliza wagonjwa wake wanatoka wapi.

Mazingira ya Sleggs yanafanana na yetu kupita kiasi. Tanzania imo katika nchi 30 ambazo Shirika la Afya Duniani linazihesabu kuwa na mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Mgonjwa mwenye kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku na mwili unaopungua lazima ashukiwe TB, na ni sawa kabisa. Tatizo ni hatua inayofuata. Makohozi yakipimwa yasioneshe vimelea, bado mtu anaweza kuanzishiwa dawa kwa kuangalia dalili na picha tu, kwa sababu kumwacha bila dawa ni hatari zaidi. Maji kwenye mapafu yakinyonywa na kurudi, tunasema TB ya utando. Dozi ni miezi sita. Kwa mwenye saratani, miezi hiyo sita ndiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho ya kupasuliwa, na mara nyingi ndiyo inayobaki ya uhai wake. Akifa katikati ya dozi, atahesabiwa kwenye vifo vya TB. Wanaosimamia TB mikoani wanafanya kazi ngumu, na sitaki nionekane nawalaumu. Nasema kwamba rejista yao, ukichuja wale wa miaka 50 na kuendelea ambao vipimo havikuonesha vimelea na hali haikubadilika baada ya miezi miwili ya dawa, ndiyo sehemu ya kwanza ya kuwatafuta hawa wenye saratani ya asbesto. Kitabu tayari kipo mezani. Kinahitaji msomaji wa aina nyingine.

London ilitoa somo la pili mwaka 1965. Watafiti Newhouse na Thompson walifukua majalada ya zamani ya London Hospital, wakachukua wagonjwa wa mesotelioma, wakawauliza waliokuwa hai na ndugu wa waliokufa: alifanya kazi wapi, aliishi wapi, mwenza wake alifanya kazi gani. Walikuta wafanyakazi wa asbesto, kama ilivyotarajiwa. Walikuta pia watu waliokuwa wameishi ndani ya nusu maili kutoka kiwandani, na wake waliokuwa wakifua nguo za kazi za waume zao. Nikifikiria kota za reli hapa Tabora, ovaroli iliyolowekwa kwenye karai uani, mtoto mgongoni, siwezi kukubali orodha yoyote ya waathirika yenye wanaume peke yao. Mwanamke huyo leo akiugua ataambiwa ni moshi wa jikoni.

Turudi kwenye tumbaku, maana ndiyo inayotufumba macho zaidi. Urambo, Kaliua na Sikonge zinaishi kwa zao hilo, na sigara si kitu cha kutafuta mbali. Watafiti Hammond na Selikoff waliwafuatilia mafundi zaidi ya 17,000 wa kuzuia joto wa Marekani na Kanada, wakatoa matokeo mwaka 1979. Ukimchukua asiyevuta wala kugusa asbesto kuwa ni 1, aliyegusa asbesto bila kuvuta alikufa kwa saratani ya mapafu mara 5 hivi zaidi yake. Mvutaji asiyegusa asbesto, mara 11. Mwenye vyote viwili, mara 53. Tafiti za baadaye zimetoa namba za chini ya hizo, lakini mwelekeo umebaki: sigara na asbesto zikikutana, madhara yanazidi jumla ya kila kimoja peke yake. Kwa hiyo daktari anayesema “ni sigara” kwa mzee wa karakana amesema nusu ya ukweli, na nusu aliyoiacha ndiyo yenye mwajiri, fidia na wenzake walio hai. Kwa sababu hiyohiyo kuwatafuta wale wenzake ni tiba hasa: mtu aliyevuta asbesto ujanani hawezi kuzitoa nyuzi, lakini akiacha sigara leo hatari yake inapungua. Hiyo ni huduma isiyohitaji mashine, na hatuwezi kuitoa kwa mtu tusiyejua kuwa yupo.

Kuna ugumu wa kitaalamu ambao lazima usemwe. Mesotelioma inapiga kelele yenyewe. Ni nadra sana pasipo asbesto, hivyo hata mgonjwa mmoja aliyethibitishwa katika hospitali ya Kitete hapa Tabora au Maweni kule Kigoma ni sababu ya kuuliza maswali. Saratani ya kawaida ya mapafu haisemi. Chini ya darubini, iliyoletwa na asbesto na iliyoletwa na sigara zinafanana. Wataalamu waliokutana Helsinki mwaka 1997, na vigezo vyao vikahuishwa mwaka 2014, walikubaliana njia ya kutoka: angalia makovu ya asbesto kwenye utando wa mapafu, na angalia historia ya kazi. Mwaka 1 wa kazi yenye vumbi zito, kama kufunga vizuia joto au kubomoa majengo ya zamani, au miaka 5 hadi 10 ya vumbi la wastani, kama ujenzi au kutengeneza meli, inaweza kutosha kuifanya hatari iwe mara 2, mradi miaka isiyopungua 10 imepita tangu kuanza. Kwa nchi ambayo haikuwahi kupima vumbi la karakana zake, vigezo hivyo ni zawadi. Vinaruhusu mdomo wa mgonjwa uwe kipimo.

Kigoma ina kundi lake. Ukiacha wa reli, kuna wa bandari na meli. Meli ya Liemba iliunganishwa pale Kigoma na Wajerumani, ikashushwa majini mwaka 1915, ikazamishwa mwaka uliofuata, ikainuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927, na ikaendelea kwa mvuke hadi miaka ya 1970 ilipofungwa injini za dizeli. Duniani kote kung'oa mitambo ya mvuke melini imekuwa miongoni mwa kazi zenye vumbi kali la asbesto. Waliofanya kazi hiyo ziwani, kama walikuwa vijana wakati ule, leo ni wazee wa miaka 70 na zaidi. Wako Ujiji, Bangwe, Katonga. Muda wa kuwauliza ni huu.

Mfumo wa hospitali kuufuatilia ugonjwa huu nauona hivi. Hospitali chache teule: Kitete na Nkinga kwa Tabora, Maweni na Kabanga kwa Kigoma, zikiunganishwa na Bugando ya Mwanza kwa vipimo vya kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama ya mgonjwa kinachochunguzwa kwa darubini, na rejista ya saratani. Kila mgonjwa wa miaka 50 kwenda juu mwenye kivimbe, au maji ya mapafu yanayorudi, au TB isiyotibika, ajaziwe ukurasa mmoja wa kazi alizowahi kufanya, mahali na miaka. Ukurasa huo utawanasa pia wachimbaji wadogo wa Nzega na Igunga, ambao vumbi lao ni la mawe ya dhahabu na nalo lina saratani yake, na madereva wa treni waliovuta moshi wa dizeli miaka thelathini. CT scan zimeshanunuliwa kwa hospitali za rufaa za mikoa kwa fedha za mkopo wa UVIKO-19. Tunachokosa zaidi ni bingwa wa kusoma picha na mtaalamu wa patholojia. Wasiofikiwa na kinyama waandikwe hivyohivyo, kwa daraja la “inawezekana,” chini ya “huenda” na “imethibitishwa.” Kumfuta mtu kwenye hesabu kwa sababu hospitali haina vifaa ni kumwonea mara mbili.

Mfumo huu hautatupa kiwango cha ugonjwa kwa mkoa. Utawaona waliofika hospitali tu, na waliofika ni wenye nauli, wenye bima, wenye watoto mjini. Wengine watahesabiwa Dar es Salaam: mzee anapelekwa Ocean Road, hospitali ya saratani, anaandikwa mkazi wa Mbagala kwa kuwa ndiko anakoishi mwanawe aliyempokea, na Tabora inampoteza kwenye takwimu kabla haijampoteza duniani. Atakayetaka asilimia sahihi hatazipata humu. Atapata vikundi: karakana ile, meli ile, shule ile iliyobomolewa paa na mafundi wasio na barakoa. Vikundi vinatosha kuanzia kazi. Korea Kusini ilianza kufuatilia mesotelioma mwaka 2001, ikapiga marufuku asbesto zote mwaka 2009, na mwaka 2011 sheria ya kuwasaidia waathirika ikaanza kutumika, wakiwemo ambao hawakuajiriwa ila waliishi jirani na migodi na viwanda.

Naisikia hoja ya wenye bajeti: tuna malaria, tuna uzazi, kwa nini tuhesabu wazee ambao hata tukiwataja hawaponi? Jibu langu liko kwenye SGR, reli mpya ya kisasa. Kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, kilisainiwa Desemba 2022, na popote reli mpya inapopita kuna majengo ya zamani yanayobomolewa, kuna vijana wa vibarua wa siku wanaoshusha mapaa kwa nyundo. Mkandarasi ukimwambia asbesto inaua, anakuuliza imemuua nani hapa. Kwa sasa hakuna jina la kumtajia.

Wapi pa kuanzia kesho asubuhi, bila kusubiri waraka kutoka Dodoma? Mimi ningeanza na fomu ya maabara inayosafiri na kinyama kwenda Mwanza. Iwekwe mistari mitatu: kazi, mahali, miaka. Wapo watakaosema fomu ikija tupu irudishwe ilikotoka, ili watu wajifunze. Siafiki, mgonjwa asicheleweshewe majibu kwa uvivu wa aliyejaza karatasi. Kinyama kipimwe, na wakati kinapimwa mtu apige simu kwa ndugu aliyeacha namba, aulize mzee aliajiriwa wapi na nani alikuwa naye. Wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika mwaka 1977, walihakikiwa jina kwa jina walipokuwa wakidai mafao yao, kwa hiyo hata majina ya kulinganisha yapo serikalini. Na simu hiyo asibebeshwe daktari, maana hataipiga. Ana foleni mlangoni. Apewe karani wa rejista ya saratani, awekewe vocha, iingizwe kwenye majukumu yake ya kazi.